Mfuniko wa Kidau

Leo nimepangusa vumbi, mwenzangu, na kama kawaida nimemalizia na kidau cha wino. Ni cha kauri nyeupe. Tumboni kimechorwa mizinga miwili na maneno ya kuwasifu askari wa Kijerumani, na mfuniko wake ni kofia ya vita, ndogo kama nusu ya yai. Baba aliniachia vitu vya mezani vya namna hii kumi na vitatu, vyote ukumbusho wa vita ile ya kwanza. Wageni hukisifu hiki. Mimi hukipangusa haraka haraka.

Baba alikuwa tabibu, kahamishiwa Kasulu kutoka Tanga miaka ya sabini, mama akiwa ameshafariki. Tuliishi wawili kwenye nyumba ya serikali. Asubuhi baridi ilinitoa machozi, na watoto wa jirani walicheza kwa Kiha, nisiambulie neno. Jioni baba alipanga kauri zake mezani, akazigeuzageuza, akazisemesha kabisa. Mimi nilikaa mkekani nikimenya karanga. Niliionea wivu ile mizinga ya kuchorwa, usinicheke.

Wagonjwa nao walipoujua ugonjwa wake wa kauri wakawa wanamletea. Kisahani kimoja cha kalamu kilikuja bado kina pumba, maana vifaranga walikuwa wakilishiwa humo.

Hivyo ndivyo tulivyomfikia bibi mmoja wa Nyakitonto. Mumewe alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Alirudi mara moja tu, na kidau alichokiokota bomani Wajerumani walipokimbia. Kisha Wabelgiji wakamchukua, ikawa ndiyo basi. Bibi alimpa baba kidau kwa khanga na chumvi ya Uvinza, lakini mfuniko alikataa katakata.

"Huo ni wa mwenye nyumba," alisema.

Kila alipopika pombe ya ndizi aliugeuza ule mfuniko, akaujaza, akauweka karibu na mafiga. Majirani walimwambia amtambikie tu mumewe, miaka imekwenda. Akawajibu, "Aliyekufa humwagiwa chini. Aliye hai hupewa chombo."

Baba alikwenda kutibu huko kila Jumamosi, akawa ananiacha kwa bibi nimbembeleze autoe mfuniko. Bibi alinipa maharage, akanifundisha kuitikia salamu ya Kiha, "mwakeye", akanisuka nywele ambazo hakuna aliyezishika kwa upole tangu mama afariki. Nilipenda mno kuwa pale.

Na huyo ndiye niliyemwibia. Alipokwenda kuteka maji, niliutia mfuniko mfukoni mwa gauni. Baba nilimwambia nimepewa. Akaufunika kidau, ukakaa sawasawa, akaniwekea mkono begani. "Hongera, mama," akasema. Nilikuwa nimeungoja mkono ule miezi mingi. Haukukaa hata dakika, akarudi kwenye kauri zake.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta bibi ametoka kuchuja pombe.

"Mwenye nyumba amekuja kuchukua chombo chake," alisema. "Basi hatarudi tena."

Akatoka na kibuyu uani, akamwaga pombe chini, akimtaja mumewe kwa jina. Kisha akaketi akalia kama mjane wa jana. Majirani wakaja kukaa matanga, na mimi nikakaa katikati yao, nywele nilizosukwa naye zikiwa bado kichwani. Ningeweza kusema. Sikusema, maana baba angejua. Kabla sijapata moyo, watu wakahamishiwa vijiji vipya, nyumba ile ikabomolewa, nasi tukahamishiwa Kibondo.

Mwaka jana nilirudi Nyakitonto. Pale palipokuwa na nyumba pana muhogo, na vijana niliowauliza hawakuwahi kumsikia. Baba hayupo, bibi hayupo, na Kiha changu kimebaki neno moja. Nilikuwa na pombe ya ndizi kwenye chupa, na mfuniko kwenye mkoba. Miaka naijua kuhesabu, mwenzangu, najua bibi angekuwa na zaidi ya mia.

Nikaujaza mfuniko.