Dirisha Lisilokuwamo Kwenye Ramani

Admin, nisitiri jina, hapa mtaani Kuze twajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka hamsini na sita, shule niliishia darasa la sita, lakini mtoto niliyemzaa, mashaallah! Fundi wa mitambo ya meli, mrefu, haji nyumbani mikono mitupu. Gofu la marehemu babake amelisimamisha ghorofa mbili kwa ajili yangu. Ramani ikapitishwa na kaunti. Upande wa jirani ni ukuta mtupu, kwani kule ni uani kwa wanawake wao. Aliposafiri akaniusia, “Mama, usiongeze hata tofali.”

Nikaongeza dirisha. Nilitaka upepo kama wa nyumba za matajiri wa Kizingo, wageni wakija wakome! Mwashi nikamwambia ni amri ya mwanangu. Jirani akaja kwa adabu: “Dada, dirisha lako latuona mpaka ndani ya sufuria.”

Nikamcheka. “Basi pikeni vizuri!”

Mwanangu aliporudi nikamwambia kaunti wamelikubali. Wiki iliyopita mkaguzi akafungua ramani, akatazama ukuta, akakataa kutoa cheti cha kuhamia. Mwanangu akanigeukia: “Mama, si ulisema wamekubali?”

Ulimi ukanitangulia. “Walikubali! Jirani ndiye aliyekwenda kuwahonga wakatae.”

Akachukua kipande cha nondo, akashuka mpaka uani kwa jirani. Mimi nikakimbilia dirishani. Pigo la kwanza likampata jirani mkononi, mfupa nikausikia ukivunjika. La pili usoni. Mke wa jirani anapiga mayowe, damu imeruka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa.

“Mwanangu, wallahi sikwenda popote!”

“Hasidi we! Kwa hiyo mamangu ndiye muongo?” Akampiga tena.

Jirani akainua uso, akaniona. “Dada, sema naye!”

Nikalifunga dirisha.

Jicho moja la jirani halioni tena. Mwanangu yuko rumande. Mke wa jirani, baada ya yote, amenijia na kusema kijana akiomba msamaha tu, watamuombea mahakamani. Nikampelekea mwanangu habari, nikamkuta amekonda, midomo imepasuka kwa kipigo cha wenzake mle ndani. Akanishika mkono. “Siombi msamaha kwa mnafiki. Nitafungwa, lakini hakuna atakayemwita mamangu muongo.”

Jumatatu anasimamishwa kizimbani. Enyi mliozaa na mliozaliwa, neno moja langu, kwamba muongo ni mimi, lamtoa. Nitamtazamaje nikilisema? Nambieni, nianzie wapi?