Nilivyomlea binti yangu kama mgomba

Mimi ni mkulima wa ndizi, na subira sina. Binti yangu alipofika darasa la sita akiwa mfupi kuliko wenzake wote, wasiwasi ulinikosesha raha. Shambani, ukitaka mkungu mnene, unang'oa machipukizi ili nguvu zote ziende kwenye mgomba mmoja. Basi na kwake nikang'oa: kuruka kamba marufuku, kuchota maji marufuku, na netiboli, ambayo ndiyo roho yake, marufuku kabisa.

"Mama, mashindano yanakaribia!" alilia.

"Utacheza ukirefuka. Kula."

Akala ndizi za maziwa, akala maparachichi, akakaa kitako. Baada ya miezi miwili kilichoongezeka ni mashavu. Nikampeleka hospitali, Makandana.

Daktari, dada mmoja mcheshi, alimpima, kisha akaniangalia mimi kutoka utosini hadi kwenye ndala. Safari hiyo ya macho ilikuwa fupi. Nilipomweleza habari za machipukizi, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, mtoto akikimbia na kurukaruka, ubongo unamwaga homoni ya ukuaji. Akilala usingizi mzito, unamwaga tena. Wewe umemkalisha!"

"Yesu wangu! Nimemdumaza?"

"Hapana. Anakua vizuri, kwa urefu wa ukoo wenu. Netiboli haitamfanya twiga. Ila mifupa na moyo vinataka mchezo."

Nikashusha pumzi. Binti wala hakutabasamu. "Nafasi yangu ameshapewa mwingine," alisema, akaangalia ukutani. Jamani, niliona aibu.

Kesho yake nikamfuata mwalimu wao wa michezo, nikakiri kosa langu lote huku mvua ikininyeshea. Akasema atamrudisha kikosini akimaliza mizunguko mitano ya uwanja bila kusimama. Zamani angeimaliza huku anapiga soga. Siku hiyo, mzunguko wa tatu, pumzi zilianza kumwishia, na aliyempokonya pumzi hizo ni mimi.

Sikuweza kuvumilia. Nikavua ndala, nikakaza kitenge, nikaingia kwenye matope. Watoto wakapiga kelele uwanja mzima. Nikamfikia, nikakimbia ubavuni mwake.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia.

Hakugeuka. Alikuwa anahema, macho mbele.

"Kimbia kwanza, mama."