Msumari wa Mama Koili

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, mama alitoa mfukoni msumari wa inchi tatu uliofungwa uzi mweusi, akausogeza karibu na Sinia, akauning'iniza. Sinia lilikuwa sumaku ya umeme ya pale kwenye yadi ya vyuma chakavu: duara la chuma, pana kama meza ya watu sita, linaloning'inia kwa minyororo mitatu kwenye mkono wa kreni. Msumari ukikaa wima, mama alisema kwa sauti ya chini, "Limelala." Kisha alirudi nyuma mpaka kwenye nguzo yenye alama ya chaki, akamwambia dereva wa kreni, "Haya, liamshe."

Dereva alibonyeza swichi. Msumari ukainama wenyewe hewani kulielekea Sinia, kama mtu aliyeitwa jina. Mama alitazama umeinama kiasi gani, akauviringishia uzi, akaurudisha mfukoni. Hapo ndipo alipotuamkia.

Watu walimwita Mama Koili. Kazi yake ilikuwa kusuka upya koili, yaani mizunguko ya waya wa shaba ndani ya mota zilizoungua, za pampu, za vinu, za feni, na alirithi kazi hiyo kwa baba pamoja na koleo zake zenye mishikio ya mpira mwekundu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo mambo ya umeme ninayoyajua ni yale aliyonionyesha jikoni wakati tunangoja maji yachemke. Aliuzungushia msumari waya wa shaba, akagusisha ncha za waya kwenye betri ya tochi, na msumari ukaokota pini zake zote za kushonea. Alipoachia, pini zikamwagika sakafuni.

"Umeona? Umeme ukipita kwenye waya, waya unakuwa sumaku. Ukiuzungusha mara nyingi, nguvu zinajumlishana. Na chuma laini kama hiki hakina kinyongo. Umeme ukikatika, kinasahau. Sindano ndiyo yenye kinyongo. Isugue na sumaku leo, mwezi ujao bado inavuta."

"Na mota?"

"Mota ni ugomvi tu. Ncha zinazofanana zinafukuzana, zisizofanana zinavutana. Ile ya katikati inavutwa, inakimbia. Ikikaribia kufika, umeme unageuzwa, aliyekuwa anaivuta anaifukuza. Basi inazunguka. Kama kumfukuza kuku nyuma ya nyumba: ukidhani umemshika, keshatokea upande wa pili."

Mama hakuwa mwoga. Alishika waya kama wengine wanavyoshika uzi wa kushonea. Woga ulimwingia Sinia lilipoungua.

Nieleze kwanza tulivyofanya kazi. Sinia huvuta chuma peke yake. Shaba na alumini hazivutwi, zinabaki chini. Mimi na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, tulikuwa waokotaji. Dereva akishanyanyua chuma, sisi tunaingia na makarai kuokota kilichobaki. Sheria ilisema tungoje mpaka mzigo ushushwe kwenye lori. Lakini tulilipwa kwa kilo, na anayengoja anakuta wenzake wameshafagia. Basi sote tulikimbilia ndani mzigo ukiwa bado juu ya vichwa. Dereva, ambaye tulimwita Rubani, alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye kibanda chake: "Abiria, fungeni mikanda!" Na sisi tunacheka.

Sinia lilipoungua, Tajiri mwenye yadi alimwita mama alisuke upya. Hakuleta waya mpya. Alileta marobota ya waya uliochomolewa kwenye mota kuukuu. Mama aliupitisha waya wote kwenye vidole vyake, akamwonyesha mahali vanishi ilipobanduka.

"Bosi, vanishi ndiyo nguo ya waya. Mizunguko ikigusana uchi, umeme unakatiza njia. Inayobaki inabeba zaidi, koili inachemka. Na koili ikichemka, umeme unapita kwa taabu, Sinia linaishiwa nguvu. Huo mzigo utashikwa na nini?"

"Mama Koili, wewe paka vanishi nyingine juu. Si ndiyo ufundi?"

"Nipe siku tatu ikauke, basi."

"Lori linakuja kesho. Kama huwezi, kuna vijana wanaoweza."

Mama alinitazama, akamtazama mama mdogo. Watatu tulikula kwenye yadi ile. Akainama, akapaka, akafunga kifuniko kwa boliti ikiwa bado inanata. Jioni ile alinawa mikono mara nne, na bado alikuwa anainusa.

Kuanzia hapo sikumwona akimaliza chakula. Meza yake ya kazi ilikuwa kibandani kando ya kreni, na kila Sinia lilipopanda, mikono yake ilisimama. Nilikuwa namwona kupitia dirishani, koleo zimebaki hewani, midomo inahesabu. Mzigo ukishatua kwenye lori, anapumua. Unapanda mwingine, anaanza upya. Nyumbani feni ikiguna tu, anashtuka. Alianza kuutoa msumari hata saa sita mchana, Sinia likiwa limechemka, na kila siku uliinama kidogo kuliko jana. Asubuhi ulikuwa sawa. Mchana ulilegea.

"Usiingie chini ya Sinia mchana," aliniambia tukiwa peke yetu.

"Mama mdogo je?"

"Nimeshamwambia."

Alikuwa amemwambia kweli. Mama mdogo alimcheka. "Dada, wewe na msumari wako! Siku hizi umekuwa mganga?"

"Nakuogopea, mdogo wangu."

"Niogopee njaa." Akajitwika karai, akaondoka akiimba.

Mimi nilingoja pembeni siku mbili, karai langu likawa jepesi, wenzangu wakaniita mtoto laini kama sufi. Siku ya tatu nikaingia. Sikumwambia mama. Ukiwa chini pale unasikia joto la lile dude utosini, na harufu kama ya nywele zilizoungua. Niliokota bila kuangalia juu, maana nilijua nikiangalia miguu itagoma.

Ilikuwa saa saba mchana. Mama aliunyanyua msumari kwenye alama ya chaki, Sinia likiwa tupu lakini limewashwa. Msumari ulikaa karibu wima kabisa. Nilimwona akiusogeza uzi, akiupuliza, akijaribu tena. Rubani hakumngoja. Alishusha Sinia, akabeba fungu la vyuma lenye injini nzima ya gari, na sisi tukakimbilia ndani kama kawaida.

"Tokeni!" mama alipiga kelele. "Tokeni chini!"

Tulizoea kelele. Mama mdogo alikuwa ameinama anavuta bomba la shaba. Nilisikia kitu kikikwaruza juu, polepole, kama kiti kinachoburutwa. Nilimshika mama mdogo gauni nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaanguka chali. Injini ilitua pale alipokuwa ameinama. Karai lake likawa bapa kama chapati.

Vumbi lilishuka. Mama mdogo alikuwa akijipapasa miguu, mmoja, wa pili, kisha wa kwanza tena.

Tajiri alitoka ofisini na kikombe cha chai. Akaitazama injini, akatutazama.

"Kuna aliyeumia? Hakuna. Haya, mshukuruni Mungu, lori linangoja. Rubani, beba kidogo kidogo."

Na nawaambia ukweli, waokotaji wawili waliinama kuchukua makarai yao. Hata mama mdogo alikuwa anatafuta la kuazima.

Mama alipita katikati yetu. Sauti yake haikupanda. "Rubani, mwanangu, lishushe chini kabisa. Ulilaze kwa ubavu, kisha ukate umeme. Nataka kulikagua."

Rubani naye alikuwa amebadilika rangi. Alilishusha, likalala kwa ubavu juu ya matairi, akazima. Mama alitoa msumari, akauning'iniza karibu. Wima. Akafungua boliti moja moja, hana haraka, akavua kifuniko. Moshi mwembamba ukatoka. Ndani waya ulikuwa mweusi, mizunguko imegandana kama nywele zenye gundi.

"Hii niliisuka mimi," alisema, kama anayemwambia Sinia lenyewe. "Na nilijua."

Akachukua patasi na nyundo.

"We mama! Unafanya nini?" Tajiri aliangusha kikombe. "Nitakuitia polisi! Hufanyi kazi tena mji huu!"

Mama alipiga patasi mpaka koili ikakatika pande mbili, akazitia koleo zake nyekundu ndani, akang'oa waya kwa mafungu, mpaka nikajua hapana fundi wa kuunganisha kile, leo wala kesho kutwa. Jasho lilimtoka kama maji. Alikuwa anaogopa kuliko nilivyowahi kumwona, naye akaendelea kuvuta.

Alipomaliza alizilaza koleo juu ya Sinia. Akatuangalia mimi na mama mdogo.

"Twendeni."

Akatangulia getini, Tajiri akimfuata na matusi. Hakugeuka. Hakurudi tena, hata kuchukua koleo za baba.