Waya Niliousokota Ifunda

Mimi ni mtu wa mashoto. Nikisokota waya, mzunguko wake unakwenda kinyume na wa wenzangu, na fundi yeyote wa simu pale Iringa miaka ile ya hamsini angeweza kusimama chini ya nguzo, akatazama juu na kusema kiungo kile ni cha nani. Tulijuana hivyo. Mmoja aliacha mkia mrefu, mwingine alimwaga risasi ya kulehemia ovyo kama anayepaka uji. Mimi nilijisifu kwa kazi safi, na kwa kweli ilikuwa safi, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo ilikuwa mkesha wa Krismasi, karibu na Ifunda. Waya ulikatika, nikapanda kuuunga. Lori la mkaa lilikuwa limesimama barabarani, linakwenda Mbeya, na dereva alikubali kunishusha Uyole kwa mama ila hakukubali kungoja. Kiungo husokotwa, kikalehemiwa, ndipo ukashuka. Mimi nilisokota tu, nikampigia karani wa Iringa, akaitika, nikateremka mbio. Nilijiambia nitarudi kukilehemu baada ya sikukuu. Sikurudi. Nilimkuta mama anakohoa, tukala pamoja, akanicheka kwamba ninanuka nguzo.

Masika yalipofika tuliletewa mashine mpya, pamoja na mzungu kijana wa kuiendesha. Lilikuwa sanduku zito lenye kioo cha kijani, likakaa ofisini Iringa. Alitueleza kwamba ni ndugu wa ile rada iliyotumika vitani kuona ndege zilizojificha mawinguni: unatuma pigo la umeme kwenye waya, likigonga palipoharibika linarudi, na kwa muda liliotumia unajua ni maili ngapi. Kwenye kioo unaona mstari wa mwanga, na palipoharibika unaota kinundu. Sisi tuliozoea kupanda nguzo moja baada ya nyingine, tukiita, "Iringa, unanisikia?" mpaka magoti yaungue, tulicheka, lakini tulifurahi.

Jumatatu moja ya mvua kubwa Mbeya ikanyamaza. Jumanne alfajiri mzungu akatazama kioo chake, akaona kinundu cha kwanza, akatutajia maili bila kutazama mbele zaidi. Tulipofika mahali penyewe nikapajua kabla gari halijasimama. Ilikuwa Ifunda, na ile nguzo yangu.

Nilimwahi nyapara wetu, mzee wa Kihehe aliyenifundisha kazi, nikapanda mimi. Kiungo kilikuwa kimeota kutu ya kijani, lakini kilikuwa kimeshika. Hakikukatika. Mashine ilikuwa imeona ubovu wangu tu, na mahali waya ulipokatika hasa ni mbele zaidi. Nilielewa hayo yote nikiwa juu pale, nimening'inia kwenye mkanda. Nikakikata, nikaunga upya, safari hii nikalehemu vizuri, kisha nikachomeka simu ya kupimia.

"Umekuta nini?" mzungu akauliza kutoka Iringa.

Ningesema, "Kiungo kibovu, bwana, lakini hakikukatika," angetazama kinundu cha pili hapo hapo. Lakini angeuliza pia ni cha nani. Kwa kiungo kisicholehemiwa watu walikuwa wamekwisha fukuzwa.

"Ulikuwa umekatika, bwana. Nimeunga."

"Mbeya bado haiitiki. Mashine ilitaja hapo, basi kuna pengine karibu. Kagueni kila nguzo, nitapima tena kesho."

Tukakagua kila nguzo, kila kikombe cha kushikia waya, siku nzima, kwenye matope. Niliona aibu mpaka nikashindwa kula. Nyapara aliokota kile kipande nilichokitupa, akakigeuza vidoleni, akaona kilivyosokotwa. Alinitazama, akakitia mfukoni, akaenda nguzo inayofuata.

Jumatano asubuhi mzungu akapima tena. Kinundu cha Ifunda kilikuwa kimefutika, akabaki na kimoja, kikubwa, mbali huko upande wa Igawa. Tulifika mchana. Mti ulikuwa umeangukia waya, kazi ya nusu saa. Nilipomaliza nikaita Mbeya. Karani wa kule, mtu wa pwani tuliyejuana kwa sauti tu, akaitika mara moja.

"Ni wewe, ndugu yangu? Zipo telegramu zako mbili, zimelala hapa kwa kukosa njia. Nikusomee?"

"Soma."

"Ya kwanza ya juzi. 'Mama hoi. Anakutaja. Njoo upesi.'" Nikamsikia anavuta pumzi. "Ya pili ni ya leo. Ndugu yangu, uko chini au uko juu ya nguzo?"

"Soma tu."

"'Tumemzika.'"

Sikumbuki nilivyoshuka. Nyapara alinifungua mkanda kama mtoto, akasimamisha lori, akanipandisha. Kabla halijaondoka akanitilia kile kipande cha waya mkononi.

"Nilinyamaza ili usifukuzwe," akasema. "Sikujua kama kuna mgonjwa."

Mimi pia sikujua. Nimejitetea kwa maneno hayo maisha yangu yote na hayajanisaidia. Ningesema kweli pale Ifunda, tungekwenda Igawa siku ile ile, na kutoka Igawa ningefika Uyole Jumanne kabla ya jua kuzama; mama alikata roho usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano.

Nilikuta wanawake wamekaa kwenye mikeka. Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyepeleka telegramu zote mbili kwa miguu hadi posta ya mjini, alinishika mikono, akalia, kisha akaniambia kwamba kila lori lililopunguza mwendo pale barabarani mama aliuliza kama ni mimi.

"Simu ilikuwa imekatika," nikasema.

"Waliniambia posta." Akajifuta macho kwa kanga. "Nikamwambia mama asihofu, wewe ndiye unayeitengeneza. Akafurahi, kaka. Akasema basi haitachukua muda."