Basi la Kwenda kwa Mitchel

Phanuel Makhanu hakuwahi kutamani London. Shamba lake la miwa liko Matungu, limepakana na letu, na safari zake ndefu zilikuwa za kwenda Mumias sokoni, au Kakamega mjini akiwa na shida ya kupeleka ofisini. Mkewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Mitchel. Phanuel alimwita Mama, kwa sababu jina lake la nyumbani lilikuwa la mama yake mzazi.

Mitchel alikwenda London kutunza wazee wasiojiweza, akamwacha msichana wake, Winrose, kwa babu. Mwaka jana, baridi ya huko ilipoanza, akakonda ghafla na macho yakageuka manjano. Hospitali ikasema ni saratani ya kongosho, na imekwisha kusambaa. Aliomba kurudi nyumbani, madaktari wakasema hawezi kuhimili ndege.

"Basi nitamfuata mimi," Phanuel akasema.

Kanisa likachanga nauli. Jepkoech, Mkenya mwenzake Mitchel waliyeishi naye nyumba moja huko, akahangaikia viza. Phanuel akasafiri na koti zito la mitumba alilonunua Mumias. Tulimtania kwamba koti linarudishwa kwao. Akacheka kidogo, kwa heshima tu.

Jepkoech alimpeleka hospitali siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili alirudi kazini, kwa hiyo mzee ilibidi aende peke yake. Asubuhi hiyo alisimama stejini akingoja konda aite, "Hospitali! Hospitali!" Basi jekundu la ghorofa likaja, likampita. La pili nalo likampita. Akampigia Jepkoech simu.

"Baba, uliinua mkono?"

"Kwani hawanioni? Si nimesimama stejini?"

"Inua mkono, Baba. Basi za hapa hazingojangi mtu. Na ukitaka kushuka, finya kile kidude chekundu kwenye nguzo."

Akajifunza. Alipanda kwa mlango wa mbele, akagusisha kadi ya nauli kwenye mashine mpaka ilie, akamsalimu dereva kwa Kiluhya, "Mulembe." Dereva aliitikia kwa kichwa. Ndani watu walikaa bega kwa bega bila kusalimiana, kila mmoja na simu yake. Sauti ya mwanamke asiyeonekana ilitaja kila steji kabla hawajafika. Kiingereza cha Phanuel kilikuwa cha darasa la saba, na yule mwanamke alisema upesi, hivyo akakariri vitu vya njiani: kanisa lenye saa iliyokufa, duka la maua, daraja la reli. Baada ya daraja, alifinya kidude.

Mitchel alipenda habari za basi kuliko habari nyingine yoyote. Baba akishaketi tu kando ya kitanda, alimuuliza, "Leo umeona nini?"

"Nimeona mwanamke amepanda na mbwa, mbwa akakaa kitini kama mzee wa kanisa."

Mitchel alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Na juu umepanda?"

"Sipandi. Basi likianza kwenda na mimi niko kwenye ngazi, itakuwaje?"

"Panda, Baba. Keti mbele kabisa. Mimi nikitoka kazini nilikuwa nakaa hapo, nawaza nyumbani."

Kesho yake alipanda, ameshika chuma kwa mikono miwili. Akaketi karibu na kioo cha mbele, matawi makavu ya miti yakikwaruza paa. Alipomsimulia, Mitchel alifumba macho akasikiliza kama mtu anayesomewa. Akamuuliza kama duka la maua lilikuwa limefunguliwa. Mkono wake mwembamba ulikuwa ndani ya mkono wa baba.

Jioni moja, Phanuel akiwa mlangoni anaondoka, Mitchel alimwita. "Kesho uvae soksi mbili, Baba. Kutakuwa na baridi."

Akavaa mbili. Lakini asubuhi hiyo yule mwanamke wa sautini alisema maneno marefu ambayo hayakuwa jina la steji. Basi likakata kona kabla ya kanisa. Watu wakaguna, wakaanza kushuka. Phanuel akabaki, akitazama nje kutafuta daraja. Kulikuwa na majumba asiyoyajua, kisha uwanja, kisha majumba tena. Mwishowe basi likazimwa, dereva akatoka kwenye kibanda chake akamweleza kwa upole jambo ambalo hakulielewa, ila maneno mawili: barabara imefungwa.

Alimpigia Jepkoech; alikuwa kazini, simu haikushikwa. Akawauliza wapita njia. Mmoja akaonyesha huku, mwingine kule. Akaamua kuirudia barabara basi lilikotoka, kwa miguu, mpaka akaliona kanisa. Mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha. Alifika hospitali mchana umeinama, suruali imelowa hadi magotini.

Muuguzi alimsimamisha nje ya chumba. Alisema polepole ili mzee aelewe. Mitchel alikuwa macho asubuhi, akiuliza baba yake amefika wapi. Baadaye alilala, na hawakudhani ataamka tena kusema.

Phanuel akavuta kiti. "Mama, nimefika," alimwambia kwa Kiluhya. "Basi lilinipotosha. Nimekuja na miguu." Akasubiri. Kisha akamsimulia yote aliyoyaona njiani, kama kila siku, hadi sauti ikamkauka. Mitchel alipumua tu. Alikaa hivyo kesho yake pia, na keshokutwa asubuhi pumzi ikakoma, baba akiwa amemshika.

Wauguzi walimpa mfuko wenye nguo na viatu vya Mitchel. Jepkoech alikuwa njiani anakuja, lakini mzee hakumngoja. Alitoka akasimama stejini, akainua mkono. Katika basi akaanza kulia kwa sauti, kama tunavyolia kwetu. Watu waligeuka, wakarudisha macho kwenye simu. Bibi mmoja Mzungu alihama kiti chake, akaja kuketi kando yake. Steji ya Phanuel ilipofika bado alikuwa hapo.

Tulimzika Mitchel Matungu, kando ya mama yake. Wiki chache baadaye nilikwenda kwa Phanuel nikawakuta yeye na Winrose barazani wakipukuchua mahindi.

"Kuka," msichana akamuuliza babu yake, "mbona hukumleta mama wakati bado alikuwa anaongea?"

Phanuel aliliweka gunzi chini. "Madaktari walikataa, mjukuu wangu."

"Ungemficha ndani ya basi."

Mzee alimsogezea bakuli karibu, naye Winrose akachukua hindi lingine.