Ndara za Harusi ya Sirisha

Kila asubuhi, jua likiwa bado pole, wanawake wa Koloni, makazi yetu ya waliougua ukoma hapa India, hukutana penye bomba nyuma ya zahanati, kila mmoja na beseni lake, na kuloweka miguu. Magaga yakishalainika huyasugua kwa jiwe, hujipaka mafuta ya nazi, kisha kila mmoja hukagua nyayo za jirani yake. Mtu haruhusiwi kujikagua mwenyewe, maana macho ya mwenye mguu huwa na huruma mno. Ukoma wao ulitibiwa ukaisha miaka mingi iliyopita. Kilichobaki ni miguu isiyosikia. Mguu wa namna hiyo unaweza kukanyaga msumari asubuhi na kutembea nao hadi jioni, mwenyewe akiimba.

Kigoda cha karibu na bomba kilikuwa cha Nukamma. Yeye ndiye aliyeongoza duara: aliyechelewa alimjibu Nukamma, aliyeficha kidonda alimjibu Nukamma. Mimi nimezaliwa humu Koloni, bibi yangu mwenyewe aliloweka miguu katika duara hilo, na sasa nafundisha katika shule iliyo ng'ambo ya uwanja. Tangu utoto nilizoea kuisikia sauti ya Nukamma kabla ya kumwona.

Alifika hapa akiwa mke mchanga. Mumewe alimteremsha getini na kifurushi cha nguo, akamwambia anakwenda kunywa chai mara moja, atarudi. Akiulizwa habari za mume, hadi leo hujibu, "Chai yake bado haijachemka." Watu wote hucheka, naye hucheka kuliko wote. Mwanawe Suribabu alilelewa na mama mkwe huko mjini. Alipokuwa mtu mzima alianza kuja kumwona mama yake kila sikukuu ya mavuno, na fungu la miwa begani. Ukweni kwake, hata hivyo, aliwaambia kwamba mama yake anaishi mbali, jirani na hekalu fulani, na ameamua kumtumikia Mungu.

Huyo ndiye Nukamma ambaye Maike alimkuta. Maike alitoka Uholanzi. Alikuwa amemaliza chuo karibuni, akajitolea kukaa nasi mwaka mmoja. Asubuhi alianzia penye mabeseni, akishika taulo. Kisha alikuja shuleni kufundisha Kiingereza na hesabu. Mchana alirudi zahanati kukunja bendeji na kunyoosha vidole vya wagonjwa. Watoto walimwita Akka, yaani dada mkubwa, na walimcheka bila haya alipokula nao.

"Akka, wali unakushukia mpaka kwenye kiwiko!"

"Akka, unalisha mchwa?"

Kitelugu, lugha ya hapa kwetu, alikiokota kwa watoto hao, kwa hiyo alizungumza na wazee kwa lugha ya watoto wa darasa la kwanza. Nukamma alipendezwa. "Unaongea kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele," alimwambia, "lakini angalau unaongea. Waliokutangulia walikuwa wanatabasamu tu."

Mchana mmoja, Maike alipokuwa akimnyoosha vidole, Nukamma alisema ghafla, "Mjukuu wangu Sirisha anaolewa. Suribabu ameniambia nije. Ameniambia mwenyewe, kwa mdomo wake."

"Si furaha hiyo, bibi? Mbona umekunja uso?"

"Tazama hizi." Nukamma alinyanyua mguu. Alikuwa amevaa viatu vya zahanati, vyeusi, vizito, vyenye soli nene ya mpira laini na mikanda mipana. Appalanaidu, fundi wetu, huvikata kwa kufuata mguu wa kila mgonjwa. Vinaokoa miguu. Lakini katika wilaya nzima hakuna asiyevijua; ukivivaa sokoni, muuza mboga anakutupia chenji kwa mbali.

"Sari nitavaa ya hariri," Nukamma aliendelea. "Kidole hiki kilichopinda nitakifunika kwa upindo. Lakini viatu huachwa mlangoni, mwanangu. Mimi nitakuwa ndani nimekaa kama malkia, vyenyewe viko nje vinanisema."

"Nenda peku, basi."

"Peku kwenye changarawe za moto? Sista Prabhavati ataninyonga kwa bendeji zake."

Sista Prabhavati ndiye muuguzi mkuu wetu. Kila mgeni anayekuja kujitolea humwambia maneno yaleyale siku ya kwanza: mpe mgonjwa peremende, mpe blanketi, mpe hata saa yako ukitaka, lakini kiatu usimpe. Maike aliyasikia maneno hayo na kuyaelewa. Hata hivyo usiku hakuuona uso wa Sista, aliuona ule mlango wa harusi na vile viatu vyeusi katikati ya viatu vya watu. Akajiambia kwamba ni siku moja tu, na kwamba yeye atakuwa mwangalifu.

Na kweli alikuwa mwangalifu. Aliingia duka hadi duka akivikunja viatu mkononi. Mwisho alipata ndara za ngozi ya kahawia, zenye maua madogo ya dhahabu kwenye ukanda. Alikwisha kugundua kwamba mguu wake na wa Nukamma inalingana urefu, kwa hiyo alizivaa yeye mwenyewe, akatembea dukani, akaenda akarudi, akasimama kwa vidole.

"Madamu," mwenye duka alimuuliza, "unanunua au unafanya mazoezi?"

Hazikumbana popote. Alizibeba ndani ya mkoba hadi chumbani kwa Nukamma, wakafunga mlango kama wezi. Maike alipiga magoti, akamvalisha, akafunga vifungo.

"Zinabana, bibi?"

"Hazibani hata kidogo."

"Kwenye vidole je? Hapa kisiginoni?"

"Nakwambia ni laini kama mkate wa mvuke!"

Wakakumbatiana. Maike alikuwa amemuuliza mwanamke ambaye mguu wake hausikii chochote kama kiatu kinambana, naye akajibiwa kwa moyo mkunjufu, na wote wawili wakafurahia jibu. Hakuna aliyelisikia swali lile.

Siku ya harusi Suribabu alituma bajaji. Nukamma aliondoka na maua ya asumini nywelani, watoto wa shule wakimpigia makofi kana kwamba yeye ndiye bibi harusi. Aliporudi hakuweza kunyamaza. Alikuwa amewarushia maharusi mchele wa manjano kwa mkono wake. Alikuwa amefuata msafara wa ngoma mpaka mwisho wa mtaa, kwa miguu, pamoja na wanawake wengine. Na walipokuwa mlangoni wakitafuta viatu, shangazi wa bwana harusi alizishika zile ndara na kuuliza ni za nani.

"Nikasema ni zangu! Akasema, 'Mama, umezipata wapi nzuri hivi?' Mimi huyu! Nikamwambia, 'Zimetoka ng'ambo.'" Alicheka mpaka akakohoa. "Maike, sijawahi kuulizwa na mtu nimenunua wapi kitu changu."

Maike alilala na furaha ambayo, alivyoniambia baadaye, hakuwahi kuipata tangu afike India.

Asubuhi alikuwa penye bomba na taulo lake. Nukamma aliingiza miguu ndani ya beseni huku akisimulia tena habari za shangazi. Maji yakaanza kubadilika. Mwanzoni yalikuwa kama ya rangi ya sari iliyochuja, kisha yakawa mekundu kabisa. Wanawake waligeukia beseni lake mmoja baada ya mwingine, na Nukamma ndiye aliyekuwa wa mwisho kutazama chini.

Ukanda ulikuwa umekata mpaka ndani, kwenye vidole viwili vya mwisho. Mguu wake ulikuwa mfupi kama wa Maike, lakini mpana, na vidole vilikwisha kujikunja. Duka halina kiatu cha mguu kama huo.

Sista Prabhavati alikuja mbio. "Ulivaa nini?"

"Ndara."

"Ndara za nani?"

"Zangu. Nilizinunua."

"Wewe? Ulizinunua lini, wapi? Wewe, Nukamma, unayewafokea wenzako kwa malengelenge?"

"Nilitamani," Nukamma alisema. "Mtu mzee naye hutamani." Akamtazama Maike mara moja tu, kwa ukali, kama anavyomtazama mtu anayetaka kuongea wakati wa sala.

Maike alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, na taulo mkononi. Akageuka kumfuta miguu mwanamke aliyefuata.

Sista hakupiga kelele zaidi. Alisema tu kwamba aliyeficha kiatu hawezi kukagua miguu ya wengine, na kigoda cha karibu na bomba akapewa Ramulamma, mwenzao wa duara. Wiki hiyo Nukamma akawa na homa. Daktari alikuja kutoka mjini, akachoma sindano, akasubiri, akaja tena. Mfupa ulikuwa umeshaingiliwa. Vikitolewa vidole viwili, alisema, mguu huenda ukapona. Vikiachwa, atarudi kukata palipo juu zaidi.

Siku zile Maike alifundisha huku akitazama sakafu. Watoto waliliona hilo.

"Akka anaumwa?"

"Akka anataka kwenda kwao."

Mimi nilidhani vilevile. Aliponiambia ukweli, tukiwa tunafuta ubao, nilimwambia jambo ambalo mtu yeyote wa hapa angemwambia: anyamaze. Nukamma ameshalibeba, na kulitoa mikononi mwake ni kumvunjia heshima. Alitikisa kichwa. Hakuweza kula. Alisema kila mtu anamkaribisha chai na kumwita mtoto mwema, naye kila kikombe hukirudisha kikiwa kimejaa.

Siku vidole vilipokatwa, alikwenda ofisini akamwambia Sista Prabhavati kila kitu, dukani, chumbani, mlango uliofungwa, lile swali.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," alisema. "Nukamma tangu lini akanunua maua ya dhahabu? Lakini nilikuwa nimejua kimyakimya. Sasa umeniambia kwa mdomo, kwa hiyo lazima nifanye kitu."

Alichofanya kilikuwa halali yake. Tangu siku ile wageni wa kujitolea wangefanya kazi shuleni tu. Wasikanyage wodini, wasikanyage penye mabeseni. Kigoda hakikurudi kwa Nukamma pia, kwa sababu sasa alikuwa amedanganya juu ya kuficha.

Maike aliruhusiwa kwenda kumuaga mgonjwa mara moja. Nilikwenda naye kutafsiri pale ambapo Kitelugu chake kingemwishia. Nukamma alikuwa amelala, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mto.

"Mimi nililifunga lile jambo," alisema kabla hatujakaa. "Vidole vyangu, uongo wangu, kigoda changu. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Wewe ukaenda kulifungua ili upate kupumua. Haya, unapumua?"

"Hapana, bibi."

"Basi tumepata hasara wote. Nani atanishika mkono mchana? Ramulamma? Yule ananyoosha vidole kama anayekamua nguo."

Maike alilia. Nukamma alimwacha alie, akageukia ukutani. Hakuna nilichotafsiri.

Miezi iliyobaki, Maike alifundisha dirisha likiwa linatazama zahanati. Kila asubuhi aliona duara likikusanyika, na baada ya muda akamwona Nukamma akirudi, amekaa pembeni, mguu mmoja kwenye beseni na mmoja juu ya tofali. Walipokutana uwanjani walisalimiana kwa adabu.

Siku ya safari, mtoto mmoja wa darasa langu alikuja mbio. "Bibi Nukamma anasema Akka aende kwenye bomba. Anasema aende na miguu yake."

Nilimsindikiza. Wanawake walimpisha. Sista Prabhavati alikuwa mlangoni mwa zahanati. Alituona, akaingia ndani. Nukamma alionyesha beseni tupu pembeni mwake, lililokwisha kujazwa maji.

"Vua. Loweka."

Maike aliloweka. Nukamma alimsubirisha kama anavyosubirishwa kila mtu, kisha akauvuta mguu wake mapajani, akaufuta, akaukagua polepole, kidole kwa kidole, katikati ya vidole, chini ya unyayo. Kisiginoni akasimama. Palikuwa na lengelenge jipya, la viatu ambavyo Maike alikuwa amevaa kwa ajili ya safari. Nukamma akalibonyeza kwa kile kidole kilichopinda.

"Inauma?"

"Inauma, bibi."

Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. "Sana?"

"Sana."

"Basi usivivae."

Alimpaka mafuta ya nazi miguu yote miwili, akamrudishia. Hakusema kwamba amemsamehe, na Maike hakuuliza. Vile viatu vya safari vilibaki kando ya bomba. Maike alipanda bajaji peku, na mpaka ilipokata kona ya getini, Nukamma alikuwa akifokea watu wasiache maji yakimwagika, ingawa kigoda hakikuwa chake tena.