Nguchiro Aliyenizuilia Mke Nakaloke

Mke wangu aliporudi kwao Nakaloke, siku ya kwanza sikushtuka. Siku ya pili nikaanza kuzunguka nyumba. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaizunguka Jinja mara saba, toka sokoni mpaka ziwani, mpaka watu wakadhani nimeajiriwa kupima barabara. Mimi siwezi kukaa, ndivyo nilivyozaliwa. Na tabia hiyo ndiyo iliyomwondoa mke wangu. Nilimwambia naenda Buwenge asubuhi kumtegea mtu ndezi, wale panya wakubwa waliokuwa wanamaliza miwa yake, jioni narudi. Nikarudi siku ya tano, na hadithi ndefu. Akaisikiliza mpaka mwisho, akafunga mzigo, akaenda kwa mama yake.

Sasa kwa mama mkwe wangu, Mgisu wa kule kule, mke aliyeondoka kwa hasira humpati kwa maneno matupu. Unaenda, unaomba radhi, unasemwa mpaka masikio yanapinda. Halafu akikubali, jogoo anachinjwa, anakupikia, unakula, ndiyo yamekwisha. Na jogoo wa sokoni hafai. Lazima awe amekulia uani kwake, amekula mahindi yake. Bila huyo jogoo unaweza kukaa kwenye mkeka mpaka ndevu zikufike magotini.

Mimi radhi niliomba, nikasemwa, nikakubaliwa siku ile ile. Sisi Wanubi tunajua kuomba radhi, tumeanza zamani. Shida ikawa jogoo. Alikuwa amefungwa mguu kwenye mgomba nyuma ya jiko, anangoja kisu. Tukaswali adhuhuri. Tumetoa salamu, kamba ipo, jogoo hayupo. Kesho yake akafungwa wa pili. Adhuhuri ile ile, kamba ipo, manyoya matatu, damu kidogo. Mke wangu aliyekuwa dirishani akamwona mwizi anavuka ua mchana kweupe, jogoo mdomoni, wala hakimbii. Nguchiro. Mrefu, wa kijivu, mkia kama ufagio.

Akabaki jogoo mmoja tu, naye bado kijana, mwili wake wote haujazi sahani. Mama mkwe akasema huyo hampikii mkwe, ni aibu, kwanza anenepe. Akamfungia ndani chini ya kitanda. Lakini jogoo wa chini ya kitanda hali. Anawika tu na kukonda.

Hapa lazima niseme jambo moja. Mimi na mama mkwe haturuhusiwi kuonana uso kwa uso. Akitokea huku, mimi nageukia kule. Mbele ya nyumba ni pangu, nyuma kwenye jiko ni pake, mguu wangu haufiki. Tunaongea ukuta katikati. Na ananisemesha Kiswahili alichojifunza kwa wanajeshi alipokuwa msichana, kwa hiyo kila neno linatoka kama amri. Babu yangu alikuwa askari kutoka Sudani, basi kwake na mimi ni askari, ingawa bunduki sijawahi kushika hata ya mbao.

"Afande!" sauti ikatoka nyuma ya ukuta. "Wewe nasema wewe natega wanyama?"

"Ndiyo, mama. Mimi huyu, ndezi wa Buwenge wakinisikia nakohoa tu, wanajipeleka wenyewe..."

"Sitaki hadithi! Jogoo iko moja tu. Hii ikikulwa, bibi yako nakaa hapa mpaka Idi ingine."

Sikungoja chai. Nikapanda gari mpaka Jinja, nikachukua mtego wangu, nikapanda kurudi na gari lile lile. Dereva akaniuliza kama nimesahau kitu. Mtego wenyewe ni sanduku la waya lenye mlango wa kuanguka. Ndani kuna kibati; mnyama akikikanyaga, mlango unashuka kwaa! Nikauweka mbele, karibu na baraza, maana ndiyo ardhi niliyopewa.

Chambo cha kwanza kilikuwa kichwa cha mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, nimekitoa Jinja, kimekaushwa kwa moshi. Harufu yake! Wallahi maiti wa Nakaloke walijigeuza kaburini. Nikakaa barazani kungoja. Nikakaa kama dakika nne. Nikainuka, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi, nikahesabu mabati ya jirani, nikaenda tena. Kwaa! Nikakimbia. Ndani ya mtego kalala paka wa hajati wa nyumba ya pili, ameshashiba, analamba makucha.

Hajati akaja na kanga begani. "Paka yangu inakaa msikitini na watu, wewe Mnubi unaifunga jela? Imeiba nini?"

"Samaki, hajati."

"Nani alikutuma kuweka samaki njiani? Ningeipita mimi mwenyewe ningekamatwa!"

Watu wakacheka. Ukutani nyuma nikasikia mtu mwingine anacheka, sitamtaja.

Kesho yake nikasema samaki basi, natumia mayai, paka hataki yai zima. Nikapanga matatu ndani ya mtego, mazuri. Kisha miguu ikaanza kuniwasha, nikaenda Mbale mjini, nikapita Namatala kuwaangalia wapakiaji wa mchele wakigombana, nikarudi. Mtego uko wazi, mayai hakuna. Kwenye jiwe la pembeni yameganda maganda na ute.

Mke wangu akasema kupitia dirishani, "Amekuja. Hakuingia hata kidogo. Amepitisha mkono kwenye waya kama mteja dukani, akachukua moja moja. Halafu anageuka, analirusha yai kati ya miguu yake kwa nyuma mpaka linapasukia jiwe. Mikono ile, bwana! Ungempa ufunguo angefungua."

"Na wewe ulikuwa unaangalia tu?"

"Ulitaka nimpe chumvi?"

Siku ya tatu nikaleta matumbo ya mbuzi. Nikayafunga kwa uzi nyuma ya kibati ili mkono usifike. Hapo nilikuwa na akili. Lakini matumbo ya mbuzi kwenye jua la Nakaloke, anayeyaona kwanza ni kaloli, lile dege lenye upara linalosimama jalalani kama karani mstaafu. Likatia kichwa, mlango ukalishukia shingoni. Basi likaondoka na mtego! Likatembea nao, limeuvaa kama kofia, likavuka barabara, mimi nyuma, hajati nyuma yangu, nusu ya soko nyuma ya hajati. Wengine wanasema tulifika Kenya. Uongo. Tuliishia kwenye shamba la muhogo, na nilipolifungulia likanitazama kama mtu aliyenikopesha.

Niliporudi nimejaa vumbi, sauti ikaniwahi kabla sijakaa.

"Afande! Umekamata paka, umekamata ndege. Kesho utakamata mimi. Rudi Jinja! Jogoo nakufa kwa njaa chini ya kitanda."

Sasa hapo kicheko kiliniisha. Nikajiona narudi Jinja peke yangu, nakula peke yangu, nazunguka ziwa peke yangu. Mke wangu akaleta chai, akaiweka kwenye kizingiti. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, siyo yangu ya kawaida:

"Nyinyi huko nyuma, huyu mnyama akija, anaanzia wapi?"

Akanitazama. "Siku tatu nangoja uulize. Anaanzia kwenye jiwe la mama."

"Jiwe gani?"

"Mama akishapika malewa anaikunguta sufuria pale juu ya jiwe, anakwangua ukoko. Nguchiro anakuja kulamba kila siku. Akimaliza ndipo anatazama kuku. Kuku kwake ni kitu cha kusafishia meno."

Malewa ni yale machipukizi ya mianzi ya mlimani. Wagisu wanayakausha kwa moshi, wanayapika na karanga iliyosagwa mpaka mchuzi unakuwa mzito kama udongo wa kukandika. Ukiyala mara moja unasahau nyumbani kwenu. Na mimi pumbavu namletea mnyama wa Bugisu samaki wa ziwani! Mtu ametandikiwa chakula chake saa ile ile kila siku, utamvutaje na cha kigeni? Miaka yote nilitafuta kinachonuka kuliko vyote. Kumbe chambo ni kile anachokula tayari, mahali pale anapokilia. Na paka wa hajati akinusa karanga anapita zake.

Lakini jiwe liko nyuma ya jiko. Mimi siwezi kwenda. Mke wangu je? Mama yake akasema hapana, mtoto wake hafanyi kazi ya mume ambaye hajala jogoo.

"Mimi mwenyewe natega," akasema mama mkwe toka nyuma ya ukuta. "Sema namna gani."

Nikausukuma mtego kwa ufito mrefu mpaka kona ya nyumba, nimeugeuzia mgongo. Nikasikia unaburutwa. Tukaanza.

"Mama, weka ukoko ndani ya kopo, kopo lifunge nyuma kabisa, kuta za pembeni zizibe kwa majani ya mgomba, asipitishe mkono!"

"Nimeziba!"

"Sasa inua mlango, tia ule msumari kwenye tundu!"

"Tundu gani? Iko matundu mia!"

"La juu, mama, karibu na..."

Kwaa!

"Afande! Sanduku yako nashika gauni yangu ya gomesi!"

Mimi huko mbele nazunguka kama kuku asiye na kichwa. Siwezi kwenda, siwezi kukaa. Mke wangu amejiegemeza ukutani machozi yanamtoka kwa kucheka, na hakusaidia mtu. Mara ya pili kwaa. Mara ya tatu kwaa. Mara ya nne kimya. Kisha sauti ikasema, polepole, kama mtu anayebeba maji:

"Mlango nasimama. Mtu asipumue."

Ikafika adhuhuri. Tukaswali, nikarudi barazani, mke wangu akanionyesha kigoda.

"Kaa."

"Naenda tu hapo barabarani, mara moja..."

"Ukitembea, hiyo miguu yako inatikisa mlima wote, mnyama anakimbia. Kaa, uniangalie mimi."

Nikakaa. Ee bwana, nimewahi kuogelea kati ya mamba wawili waliogombana juu yangu, lakini kigoda kile! Magoti yanaruka peke yake, nikayashika kwa mikono. Nzi akatua puani, akakaa, akajisafisha, akaondoka kwa hiari yake. Nikamwangalia mke wangu. Nikaona ana kovu dogo kwenye kidole gumba ambalo sikuwahi kuliona, na miaka tisa tumeoana.

Kwaa!

"Afande!" Kilio kile kilisikika Mbale mjini. "Mufungwa! Mufungwa iko ndani!"

Akaufunika mtego kwa gunia, akausukuma kwa ufito mpaka kona yangu. Nikachungulia. Nguchiro kakaa kitako, kopo mikononi, anamalizia ukoko. Hata hakuwa na haraka. Nikamfunga nyuma ya bodaboda, tukampeleka mbali kabisa ng'ambo ya bwawa la mpunga, na wenye kuku wa kule wanisamehe.

Jogoo akatolewa chini ya kitanda siku hiyo hiyo. Lakini kunenepa hakuendi kwa amri. Kila jioni mama mkwe anamshika kifua, anampima, anasema "Bado." Nikammenyea mahindi, nikamchimbia mchwa, nikamfukuzia mwewe. Wiki mbili na siku mbili. Jinja watu wakadhani nimekufa. Sikwenda hata mpaka barabarani, na mtu asiyenijua hawezi kuelewa hilo ni jambo gani.

Jioni moja ikasemwa, "Imefika." Kesho yake akaletwa kwenye majani ya mgomba, mzima, mvuke unapanda. Nikala. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Afande. Mungu awafikishe." Hiyo haikuwa amri.

Mke wangu alikuwa ameshafunga mzigo. Tukaelekea barabarani.

"Unajua," nikamwambia, "yule nguchiro alikuwa mkubwa kama mbwa."

"Alikuwa kama paka."

"Paka mkubwa."

Akatembea hatua kadhaa, akahamishia mzigo mkono wa pili, akanipa mkoba wake.

"Haya. Paka mkubwa."